Mama atakaa wapi: nyumbani Voi, kwa masista, au makao ya kulipia?

Mama ana miaka 82. Tangu apate kiharusi mwaka juzi, mguu wa kushoto anauburuta, na jioni ikiingia anaanza kuuliza kama ng'ombe wamefungwa. Ng'ombe hao tuliwauza mimi nikiwa darasa la sita. Sisi watoto tuko wanne: wawili Mombasa, mmoja Nairobi, na mimi niliye Leeds, Uingereza, mwaka wa saba sasa nikifanya kazi ya ulezi katika makao ya wazee. Kwenye grupu la familia tumebishana miezi mitatu. Kaka anashikilia kwamba mzazi hapelekwi kwa watu. Dada anamjibu kwamba mzazi akianguka saa tisa usiku akiwa peke yake, heshima hiyo haitamwinua.

Niliporudi likizo Agosti nilibeba futi ya fundi, kipimajoto cha jikoni na daftari, nikazunguka mahali patatu: nyumba ya Mama mwenyewe Voi, makao ya masista nje ya Mombasa, na makao ya kulipia kwenye kitongoji kimoja cha Nairobi. Bustani sikuziandika. Kote zilikuwa nzuri. Nilichotaka kujua ni hiki: mtu asiyeweza kukimbia, asiyeona vizuri na anayesahau, nyumba hii itamtendaje saa nane usiku, stima ikiwa imepotea? Naandika hapa nilichokiona, kwa sababu najua kuna familia nyingi zilizo kwenye mjadala huu huu.

Usiku nani yuko macho

Mchana hakuna nyumba inayokosa watu, kwa hiyo ulinganisho wa mchana haukusaidii sana.

Voi, msaidizi wa Mama analala chumba cha pili, mlango umerudishwa. Ni binti wa miaka 22 aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akachota maji, akapika, akafua, akamwogesha Mama. Akilala, amelala. Simlaumu hata kidogo. Mtu mmoja hawezi kuwa wa mchana na wa usiku, na familia nyingi zinazosema "tumeweka mtu" zimeweka nusu ya mtu anayehitajika.

Kwa masista kuna wazee 34 katika mabweni mawili, na walezi wawili wa usiku ambao kazi yao ni usiku tu. Kuna daftari mezani. Kila baada ya saa mbili wanaandika nani amegeuzwa kitandani asipate vidonda vya kulalia, nani amepelekwa choo, nani amekataa maji. Nilifungua kurasa za wiki iliyopita. Miandiko ilikuwa tofauti, kalamu tofauti, ukurasa mmoja ulikuwa na duara la kikombe cha chai, na mahali pengine mtu alikuwa ameandika "analia, nimekaa naye." Daftari la kweli huwa na sura hiyo.

Nairobi walikuwa na wazee 11 na mlezi mmoja wa usiku. Daftari lao lilikuwa safi: alama za tiki zimepangwa sawasawa, wino mmoja, usiku saba mfululizo. Kazini nimeona madaftari ya namna hiyo, na mara nyingi yaliandikwa yote kwa pamoja saa kumi na mbili asubuhi. Hapo masista walikuwa mbele kabisa, na kwangu hicho ndicho kipimo kizito kuliko vingine vyote.

Maji ya kuoga

Tukisema hatari ya kuungua tunawaza jiko, lakini maji nayo yanaunguza wazee kuliko tunavyodhani. Ngozi ya mzee ni nyembamba. Aliyepata kiharusi, au mwenye sukari ya miaka mingi, huenda asihisi joto upande mmoja, na hata akihisi hawezi kujiondoa haraka. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza vibaya kwa sekunde chache tu. Ndiyo maana katika makao ya Uingereza maji ya kujaza bafu hayatakiwi kuzidi nyuzi 44, na ya shawa 41. Karibu na bomba kunafungwa vali inayochanganya moto na baridi. Tangi lenyewe huachwa kwenye nyuzi 60 ili bakteria wa lejionela, wanaoleta homa ya mapafu, wasizaliane humo. Na juu ya vali bado tunapima kwa kipimajoto kabla mtu hajaingia, kisha tunaandika.

Voi ni ndoo na beseni. Nilikaa nikamtazama msaidizi. Alichemsha maji kwenye sufuria, akayamimina kwenye beseni mbele ya kiti cha Mama, halafu akatoka kwenda kwenye pipa kuchota ya baridi. Kwa muda huo wote, beseni la maji yanayotoa moshi lilikuwa sakafuni, kando ya mguu usiohisi. Nilimwomba abadili mpangilio: baridi kwanza, moto uingie juu yake, na kiwiko kiguse kabla ya Mama kuguswa. Alielewa mara moja, akaniuliza mbona hakuna aliyemwambia. Sikuwa na jibu.

Masista wana mitambo ya jua juu ya paa. Alasiri ya jua kali niliweka kipimajoto chini ya bomba, kikasoma 57. Vali hakuna. Lakini bomba la moto la bafuni limeondolewa kishikio, nacho kinakaa mfukoni mwa mlezi, na hakuna mzee anayeogeshwa moja kwa moja kutoka bombani. Huchotwa kwenye ndoo, yakachanganywa, yakapimwa kwa kiwiko. Si kamili, ila mtu amekaa akafikiri.

Nairobi kuna ile shawa ya umeme tunayoijua wote. Ilianza nyuzi 39, safi. Jikoni wakafungua bomba, presha ya maji ikashuka, na kipimajoto kikapanda hadi 52 kabla sijamaliza kuandika. Maji yakipungua, hita inapasha maji machache kwa umeme uleule. Mtu mzima huruka pembeni. Mzee aliyekalishwa kwenye kiti cha plastiki anabaki pale pale. Ukiona shawa hiyo, waombe wajaze ndoo kwanza, na umwulize fundi kama ina waya wa kupeleka umeme ardhini.

Kuanguka, na vile vyuma vya kitandani

Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo kama 684,000 kila mwaka vinavyotokana na kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mzee akivunja nyonga mara nyingi harudi alivyokuwa.

Hapa Voi ndiyo iliyoshindwa vibaya. Choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa, hatua 23 kutoka mlango wa nyuma, na kizingiti cha mlango huo kina sentimita 11. Mama anakipita mara tatu usiku akiwa na kandambili zilizolika na tochi ya simu. Nilivipima hivyo vitu nikiwa nimepiga magoti, nikasikia aibu, kwa sababu kizingiti hicho nimekiruka tangu utotoni bila kukiona.

Masista wana sakafu ya saruji iliyokwaruzwa isiteleze, bomba la chuma la kushikilia kutoka bwenini mpaka chooni, na taa ndogo ya sola inayobaki hai stima ikipotea. Vitanda ni vya chini, sentimita 43.

Nairobi sakafu ni taili zinazong'aa, nzuri kwa macho na mbaya kwa soksi. Meneja alinionyesha kwa fahari vitanda vya hospitali vyenye vyuma vya pembeni. "Hapa hakuna anayeanguka kitandani," akaniambia. Nawaomba mlisome hili polepole, kwa sababu wengi tunadhani vyuma hivyo ni usalama. Kwa mtu asiyejigeuza kabisa vinaweza kumfaa. Kwa mtu kama Mama, anayeamka akitafuta ng'ombe, chuma ni ukuta wa kupanda. Atapanda, na ataanguka kutoka juu zaidi kuliko angeanguka bila chuma. Wako pia wazee waliobanwa shingo au kifua kati ya chuma na godoro wakafa. Nafasi hiyo hupimwa. Godoro likiwa jembamba kuliko lile lililotengenezwa kwa kitanda hicho, pengo linaongezeka. Pale Nairobi nilipitisha ngumi yangu yote bila kugusa upande wowote. Kitanda cha chini chenye godoro la ziada sakafuni kingemlinda Mama vizuri zaidi, na kwa bei ndogo.

Ufunguo uko wapi?

Nyumba ya kulipia ya Nairobi ni ghorofa moja ya kawaida ya kuishi, iliyokodiwa. Kwa hiyo ina kila kitu ambacho nyumba ya Nairobi huwa nacho kwa kuogopa wezi: grili kwenye kila dirisha, mlango wa chuma mbele, mlango wa chuma nyuma, na lile geti la chuma juu ya ngazi linalofungwa kufuli usiku. Juu wanalala wazee sita, wawili wao hawatembei.

Nilimwomba mlezi anifungulie geti la ngazi kana kwamba kuna moto. Hakukasirika, alicheka kidogo akaanza kutafuta. Ufunguo haukuwa kwenye msumari wake. Alishuka chini, akaenda jikoni, akampigia mwenzake aliyetoka zamu asubuhi. Niliangalia saa. Zilipita dakika nne na kitu, mchana, taa zikiwaka, bila moshi, bila mtu anayepiga kelele. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa aproni iliyokuwa kwenye nguo chafu.

Kenya haihitaji kuelezwa grili na mlango uliofungwa vinafanya nini. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa bwenini. Moto uliwashwa kwa makusudi, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Na hao walikuwa vijana wenye miguu.

Walezi wa Uingereza nao wana usiku wao wa kukumbuka. Alfajiri ya tarehe 31 Januari 2004, wazee 14 walikufa kwa moto wa makao ya Rosepark, Uddingston, Uskoti. Moto wenyewe ulikuwa mdogo. Ulianza kwenye kabati la ukumbini lililokuwa na mitambo ya umeme, na haukuenea nyumba nzima. Kilichoua ni moshi uliojaa ukumbini na kuingia vyumba ambavyo milango yake ilikuwa wazi, huku dakika zikipita kabla zimamoto kuitwa, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanatafuta kwanza moto uko wapi. Ndiyo maana mimi huuliza mambo ambayo meneja haoni uhusiano wake: milango ya vyumba vya kulala hurudishwa usiku, bila kutiwa kufuli? Kwenye kabati la mita ya umeme mmeweka nini? King'ora kikilia, nani anapiga simu, na nani anaanza kusukuma viti? Mlifanya zoezi lini mara ya mwisho, na mlilifanya usiku?

Kwa masista mabweni ni ya chini, kila moja lina milango miwili inayofunguka kwa nje kwa kusukuma komeo, bila ufunguo. Kabati la mita lilikuwa tupu. Zoezi la usiku hawajawahi kulifanya, na sista mkuu alikiri hilo bila kuzunguka, akaliandika mbele yangu. Mlango wa mbele wa Voi una kufuli ndani, na ufunguo hukaa chini ya mto wa msaidizi. Tuliuhamishia msumarini kando ya mlango siku hiyo hiyo.

Jiko la makaa

Hili ni la Nairobi na nyanda za juu. Julai baridi inauma, wazee wanalalamika, na mlezi mwenye huruma anaingiza jiko la makaa sebuleni, anafunga madirisha, joto linatulia vizuri. Makaa yakiungua mahali pasipo hewa yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala moshi. Mtu anasinzia, anaumwa kichwa, kisha haamki. Mzee anayesinzia hamshtui mtu, na ndiyo maana gesi hii ni mbaya kwao kuliko kwa wengine. Niliona jiko limekaa chini ya ngazi likiwa na majivu ya karibuni. Blanketi la pili, soksi za sufu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo vinatosha.

Voi joto si shida, ila kuna meko la gesi. Mama ameliwasha mara mbili akalisahau. Sasa mtungi unafungwa koki baada ya kila mapishi na kiwashio kinakaa na msaidizi.

Dawa, jiki na uji

Haya ni mepesi kukagua. Dawa: masista wana kisanduku chenye jina kwa kila mzee, na karatasi ya kutia sahihi. Nairobi pia, tena Nairobi walikuwa nadhifu zaidi, na muuguzi wao alijua kila kidonge ni cha nini. Voi dawa za presha zilikuwa kwenye kopo la biskuti pamoja na sindano za kushonea na vidonge vya marehemu Baba. Jiki: Voi ilikuwa kwenye chupa ya soda. Mtupie macho nyumbani kwenu leo. Uji na ugali: aliyepata kiharusi anapaliwa upesi, kwa hiyo alishwe akiwa ameketi wima na abaki ameketi nusu saa. Kote nilikokwenda walilijua hilo.

Leso

Nairobi, kwenye veranda, alikuwako mzee mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki, leso imepitishwa kiunoni na kufungwa nyuma. Fundo lilikuwa mgongoni, mahali asipofika. "Ni kwa usalama wake, huwa anatoroka," nikaambiwa. Mzee alikuwa anavuta ncha ya leso taratibu, kama mtu anayetafuta kifungo cha shati.

Najua uchovu wa kazi hii. Najua pia mlezi mmoja kwa wazee kumi na mmoja ataishia kufunga, hata akiwa mtu mwema. Lakini mtu aliyefungwa hudhoofika misuli ya miguu kwa kutotembea, huota vidonda, na kiti kikipinduka anaanguka nacho. Ibara ya 57 ya Katiba yetu inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Kwa masista nao kuna mzee mmoja anayependa kutoroka. Uwanja wao umezungushiwa ua, njia ya kutembea ni mviringo inayorudi pale pale, na geti la barabarani lina bawabu. Anatoroka siku nzima, anarudi kula.

Pesa, kwa kifupi

Nairobi walitaka elfu sitini kwa mwezi, pempasi na dawa zikiwa juu yetu. Masista hawana bei, unachangia unachoweza, lakini walisema wazi kwamba nafasi ya kwanza ni ya mzee asiye na mtu, na Mama ana watoto wanne. Voi, tukiweka wasaidizi wawili, wa mchana na wa usiku, tunafika elfu ishirini na tano hivi pamoja na chakula chao. Zile elfu mbili za Inua Jamii, pesa za Serikali kwa wazee, anazopata zinasaidia sabuni na maziwa.

Kwa hiyo

Kama mzee wako ana akili timamu na anatembea kwa mkongojo, mwache nyumbani, ila uitengeneze nyumba kwanza na uweke mtu wa pili wa usiku. Usimwache nyumbani kwa msaidizi mmoja ukaita hiyo ni heshima. Kama ni wa kuinuliwa na kugeuzwa, au anaamka na kutembea usiku, tafuta mahali penye watu wa zamu ya usiku wanaolipwa kukesha, hata kama chumba si cha peke yake na rangi ya ukuta imebambuka. Makao ya kulipia ndani ya nyumba ya grili usikubali mpaka uone kwa macho ufunguo unavyotoka msumarini na geti linavyofunguka. Nenda bila taarifa, na uende usiku. Wakikukatalia kuingia baada ya saa mbili usiku, umepata jibu.

Mama tulimwuliza asubuhi, saa ambayo kichwa chake kiko sawa. Alisema hataki kwenda mbali na kaburi la Baba. Pia alisema usiku huwa anaita na haitikiwi. Kaka alikuwepo, akainamisha uso.

Basi tumeamua Voi, kwa sasa. Fundi ameng'oa kizingiti na kumwaga mteremko wa saruji. Seremala ametengeneza kiti chenye tundu na ndoo chini yake, kinakaa kando ya kitanda, na njia ya choo cha nje usiku imekwisha. Kitanda kimekatwa miguu. Mtu wa usiku ameanza Jumatatu, mama wa makamo aliyewahi kumuuguza mama mkwe wake, na ana daftari. Jina la Mama tumeliacha kwa masista kwenye orodha, maana kiharusi cha pili kikija hesabu yote inabadilika. Dada anakwenda Voi mwisho wa mwezi, bila kupiga simu kwanza, kwa basi linalofika saa tano usiku.